Kutoka Basra hadi Kitale: Safari ndefu ya nuru na jicho

Jumapili, Novemba 3, 2013, mnamo saa kumi na moja na nusu jioni, mwezi ulipita mbele ya jua juu ya Afrika Mashariki. Pakwach nchini Uganda na kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, jua lilizibwa lote kwa sekunde chache. Kusini zaidi, katika ukanda wa Kitale na Bungoma nchini Kenya, ilibaki hilali nyembamba ya jua juu ya upeo wa magharibi.

Mkazi wa Kamukuywa, soko lililo kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, hakuhitaji darubini kuliona tukio hilo, mradi mawingu yawe yamempisha. Ukuta wa mabati wenye matundu ya misumari ulitosha. Siku ya kawaida, jua la jioni likipenya kwenye tundu la msumari, huangusha doa la mviringo kwenye ukuta wa pili. Hata tundu likiwa limechanika au lina pembe tatu, doa hubaki mviringo, kwa sababu kinachoonekana pale ni sura ya jua lenyewe. Ukuta wa pili ukiwa mita 3 kutoka kwenye tundu, sura hiyo huwa na upana wa karibu sentimita 3. Jua likipatwa, kila tundu huchora hilali, na kila hilali huwa imepinduka: kilicho juu angani huwa chini ukutani, na cha kulia huwa kushoto.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa hesabu aliishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraki, mnamo mwaka 965. Aliandika risala nzima kuhusu sura ya jua lililopatwa, akipima jinsi ukubwa wa tundu unavyoifanya hilali iwe kali au ififie. Akiwa Kairo, kati ya miaka ya 1011 na 1021 hivi, aliandika Kitabu cha Mandhari, ambacho kiligeuza kabisa namna wanadamu walivyofikiri kuhusu kuona.

Kabla yake, wanahesabu wakubwa wa Ugiriki na Misri, wakiwamo Euclid na Ptolemy, walifundisha kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu, na kwa kugusa huko mtu huona. Ibn al-Haytham aliyapima maneno hayo kwa yale ambayo kila mtu anaweza kuyajaribu. Ukilitazama jua, jicho huuma. Ukiangalia dirisha lenye mwanga mkali kisha ukafumba macho, alama ya dirisha hubaki kwa muda. Kama jicho ndilo linalotoa miali, kwa nini liumizwe na kile linachokwenda kukigusa? Akahitimisha kwamba nuru hutoka kwenye jua au taa, hugonga vitu, hutawanyika kila upande kutoka kwenye kila nukta ya kitu hicho, na sehemu yake ndogo huingia jichoni. Mlima Elgon unaonekana kutoka Kamukuywa kwa sababu nuru ya jua imeugonga, ikasafiri kupitia hewa ya mashamba ya mahindi na miwa, ikaingia kwenye mboni.

Hoja yake ilikuwa na pengo moja. Ikiwa kila nukta ya mlima inatuma nuru kwenye kila nukta ya jicho, mbona haichanganyiki ikawa ukungu? Ibn al-Haytham alijibu kwamba ni miali inayoingia wima tu ndiyo inayohesabika, na kwamba kiungo kinachohisi ni lenzi iliyo nyuma ya mboni. Hapo hakupata. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini mnamo mwaka 1200, kikachapwa Ulaya mwaka 1572, na kikamfikia mtu aliyeliziba pengo hilo.

Mtu huyo alikuwa Johannes Kepler, na safari yake nayo ilianza na kupatwa kwa jua. Julai 10, 1600, Kepler alisimamisha kifaa chake katika uwanja wa soko mjini Graz, Austria, akaliangusha jua kupitia tundu dogo ili apime sura yake. Vipimo vilimtatiza: upana wa mwezi haukulingana na ule aliouzoea usiku. Alipochunguza, aligundua kwamba tatizo lilikuwa kwenye tundu, na kwamba hakuna kipimo cha anga kitakachoaminika mpaka njia ya nuru ndani ya kifaa ieleweke. Kutoka kwenye kifaa alihamia kwenye jicho. Mwaka 1604 alichapisha jibu: nuru yote inayotoka kwenye nukta moja ya kitu na kuingia kwenye mboni hupindwa na sehemu za mbele za jicho, ikakutanishwa tena kwenye nukta moja nyuma, juu ya utando uitwao retina. Nukta kwa nukta, dunia nzima huchorwa pale. Na huchorwa miguu juu, kichwa chini.

Kepler hakuogopa matokeo hayo. Alisema kazi ya mtu wa nuru inaishia kwenye retina, na namna akili inavyoisimamisha picha iliyopinduka akawaachia wengine. Ushahidi ulifuata upesi. Padri Christoph Scheiner alikwangua sehemu ya nyuma ya jicho la ng'ombe hadi ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha nuru. Mwaka 1637 René Descartes aliandika jinsi ya kulifanya jaribio hilo: jicho linawekwa kwenye tundu la dirisha katika chumba chenye giza, mbele likitazama nje. Nyuma yake, kwenye ngozi ile, hutokea picha ndogo ya barabara, miti na watu, yote imepinduka. Mwalimu wa sayansi anayeweza kupata jicho bichi la ng'ombe buchani, wembe mkali na chumba chenye giza ana kila kitu cha kulirudia jaribio hilo.

Nuru hupindwa na nini hasa ndani ya jicho? Wengi wakiulizwa husema ni lenzi. Kwa kweli kazi kubwa hufanywa na konea, kioo laini cha mbele ambacho kope hukifuta kila wakati. Nguvu ya kupinda nuru hupimwa kwa dayopta. Jicho zima lina dayopta 60 hivi, na takriban 43 kati ya hizo ni za konea, kwa sababu hapo ndipo nuru inapotoka hewani na kuingia kwenye kitu chenye maji. Nuru hupindwa sana inapovuka mpaka wa vitu viwili vinavyoipitisha kwa kasi tofauti. Ndiyo maana anayefumbua macho ndani ya maji ya Mto Kamukuywa huona vitu kama vivuli, hata maji yakiwa safi: nje ya konea kuna maji, ndani yake kuna maji, mpaka umekaribia kutoweka, na dayopta zile 43 zimekwenda nao.

Daktari Mwingereza Thomas Young aliitumia kanuni hiyohiyo mwaka 1801 kumaliza ubishi wa muda mrefu. Kila mtu alijua kwamba jicho linaweza kuhama kutoka kutazama mlima hadi kusoma kitabu, lakini haikujulikana ni sehemu gani inayobadilika. Young alijaza maji kwenye kikombe kidogo chenye lenzi, akakibandika kwenye jicho lake mwenyewe, konea ikawa imezama majini na haina nguvu tena. Bado aliweza kuhamisha mtazamo kutoka mbali hadi karibu. Kwa hiyo kinachobadilika ni lenzi ya ndani: misuli inayoizunguka ikikaza, lenzi hunenepa na kuongeza nguvu. Lenzi hiyo huwa ngumu kadiri umri unavyosonga, na ndiyo sababu mtu aliyepita miaka 40 huanza kuisogeza Biblia au gazeti mbali na uso.

Kuna kasoro nyingine isiyongoja uzee. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka kwa milimita 1 tu zaidi ya nguvu yake ya kupinda nuru, picha hukutana mbele ya retina badala ya juu yake, kwa kuwa nguvu ya jicho huwa imezidi kwa karibu dayopta 3. Kitabu kilicho mkononi atakisoma vizuri kabisa. Lakini chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 35 hivi kitaanza kupoteza kingo zake, na maandishi ya ubaoni yatakuwa michirizi. Milimita moja inazidi kidogo tu unene wa kadi ya benki, na inatosha kumtenga mtoto na somo zima.

Dawa yake ilikuwapo hata kabla ya sababu kujulikana. Miwani ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Kepler ndiye aliyeeleza kwa nini lenzi iliyobonyea katikati humsaidia asiyeona mbali: huitawanya nuru kidogo kabla haijaingia jichoni, ili mahali pa kukutania pasogee nyuma hadi kwenye retina. Kilichokosekana kwa zaidi ya miaka 250 baada ya kitabu chake ni kipimo. Daktari wa Paris na daktari wa Vienna hawakuwa na njia moja ya kusema mgonjwa anaona kiasi gani.

Kipimo kilitoka Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1862 Herman Snellen, aliyefanya kazi pamoja na Franciscus Donders, alichapisha chati ya herufi iliyojengwa juu ya pembe. Jicho zima huweza kutenganisha mistari miwili ikiwa nafasi iliyo kati yake inafanya pembe ya dakika 1, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Snellen alichora kila herufi ndani ya mraba wa visanduku vitano kwa vitano, kila kisanduku kikiwa na dakika 1. Herufi nzima ina dakika 5. Kwenye umbali wa mita 6, hiyo ni herufi yenye urefu wa milimita 8.7. Anayeisoma hiyo ana uoni wa 6/6. Anayehitaji herufi kubwa mara mbili ana 6/12: kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 12, yeye anapaswa kukisogelea hadi mita 6.

Dereva anayetoka Kitale usiku hupitia hesabu hiyo kila siku bila kuijua. Gari linalokuja mbele yake lina taa mbili zilizoachana kwa mita 1.2 hivi. Kwa pembe ya dakika 1, taa hizo hujitenga zikawa mbili gari likiwa umbali wa kilomita 4. Kabla ya hapo ni nuru moja, na pengine dereva hudhani ni pikipiki. Kwa mwenye uoni wa 6/60, kilomita hizo 4 hupungua zikawa mita 400. Barabara ni ileile, taa ni zilezile, lakini muda alio nao wa kuamua kama apite lori lililo mbele yake umekuwa sehemu moja ya kumi.

Chati ya Snellen ilikuwa na udhaifu: ilimtaka anayepimwa ajue kusoma. Njia iliyopatikana ni kutumia herufi E pekee, ikigeuzwa kulia, kushoto, juu na chini. Anayepimwa huonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza anaweza, na bibi ambaye hakuwahi kuingia darasani anaweza pia.

Kuona si kazi ya kupinda nuru peke yake. Nuru ikishafika kwenye retina inapaswa kupokewa na nyama iliyo hai, na hapo historia hii inaingia hadi mashambani Bungoma. Retina ya mwanadamu ina seli za koni zipatazo milioni 6, zinazoona rangi na vitu vidogo mchana, na seli za fimbo zipatazo milioni 120, zinazofanya kazi katika giza. Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll aliona kwamba retina ya chura aliyekaa gizani ni nyekundu, na kwamba wekundu huo hufifia nuru ikiigusa. Mwaka 1933 Mmarekani George Wald, akiwa kijana wa utafiti mjini Berlin, aligundua kwamba ndani ya retina kuna vitamini A, na kazi aliyoifuatisha ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Kila chembe ya nuru inayonaswa na seli ya fimbo hubadilisha umbo la kipande kidogo kilichotengenezwa kwa vitamini hiyo. Isipokuwapo ya kutosha mwilini, fimbo hukosa cha kunasia nuru. Mtoto huanza kujikwaa jioni, na upungufu ukizidi konea hukauka na kuharibika kabisa.

Kati ya mwaka 2009 na 2014, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na shirika la PATH waliendesha katika kaunti za Bungoma na Busia mradi ulioitwa Mama SASHA. Mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati ya kwenda kwa mkulima wa mbegu na kuchukua bure mashina ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, aina za Kabode na Vita. Rangi hiyo ni beta karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani ulipeleka kinga ya macho mahali ambapo mama tayari alikuwa na sababu ya kwenda, na ukaikabidhi kwa zao ambalo Wabukusu na majirani zao walikuwa wakilima na kula siku zote.

Wakati mashina hayo yakigawiwa, upande wa Bonde la Ufa daktari mmoja wa macho alikuwa na tatizo la mizigo. Andrew Bastawrous, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti kwa Kituo cha Kimataifa cha Afya ya Macho cha London, alifika Kenya mwaka 2012 kufuatilia watu wa Nakuru waliokuwa wamepimwa macho mwaka 2007 na 2008. Kikosi chake kilizunguka vituo 100 kikiwa na mashine nzito za hospitali, jenereta na magari. Sehemu nyingi hazikuwa na umeme wala barabara ya kuaminika, lakini karibu kila mahali simu zilishika mtandao. Bastawrous mwenyewe alikuwa mtoto asiyeona mbali, na amesimulia hadharani jinsi alivyovaa miwani kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba miti ina majani yanayohesabika. Pamoja na wenzake, wakiwamo daktari Iain Livingstone na mhandisi Mario Giardini, alianzisha Peek, mpango wa kuhamishia vipimo vya macho kwenye simu ya kawaida.

Kipimo cha kwanza kilikuwa ni E ileile. Simu huwekwa mita 2 kutoka kwa anayepimwa, na kwa umbali huo herufi ya 6/6 huwa na urefu wa milimita 2.9. Anayepimwa huonyesha kwa mkono, na mpimaji hutelezesha kidole kwenye kioo kufuata upande ulioonyeshwa. Simu haimwambii mpimaji jibu sahihi, hivyo hawezi kumsaidia mtoto hata kwa kutaka. Programu hukuza au kupunguza herufi kulingana na majibu mpaka ifike ukomo wa jicho. Huko Nakuru watu 300 wenye umri wa miaka 55 na zaidi walipimwa kwa simu majumbani mwao na kwa chati rasmi, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba vipimo viwili hivyo vilikaribiana kiasi cha kuaminika.

Hatua iliyofuata ilihamia Trans Nzoia, na hapa jina la kukumbukwa ni la Dkt. Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale. Kaunti nzima ilitegemea kitengo kimoja cha macho katika hospitali ya Kitale, na kitengo hicho kilihudumia pia watu wa kaunti jirani. Rono aliijua vizuri hali ya watoto: wengi wenye uoni hafifu hawakuletwa kamwe. Sababu mojawapo imo ndani ya fizikia yenyewe. Jicho halina pa kujilinganisha. Mtoto ambaye tangu azaliwe ameona ubao kama michirizi ya chaki hana habari kwamba jirani yake kwenye dawati anaona herufi. Halalamiki, haumwi, macho yake hayana wekundu. Kwa mwalimu huonekana mzembe, na kwa mzazi huonekana hana kichwa cha shule.

Rono na wenzake walipanga jaribio lililochukua shule 50 za msingi. Kwa kura, shule 25 zenye watoto 10,579 ziliwekwa upande wa Peek, na nyingine 25 zenye watoto 10,284 zikafuata utaratibu wa kawaida wa kadi ya E iliyochapwa. Kote wapimaji walikuwa walimu waliopewa mafunzo mafupi. Mtoto aliyeshindwa kufikia kiwango kwa jicho lolote alitakiwa kwenda hospitali.

Tofauti kubwa ilikuja baada ya kipimo. Katika shule za kawaida mtoto alipewa karatasi ya rufaa apeleke nyumbani. Katika shule za Peek, simu ilitumiwa kutengeneza picha inayoonyesha jinsi ubao unavyoonekana kwa macho ya mtoto huyo, kando ya jinsi unavyoonekana kwa macho mazima, na picha hiyo ikachapwa kwenye kadi ya mzazi. Kisha mzazi alitumiwa ujumbe mfupi wa kumkumbusha, na mwalimu mkuu naye akapata orodha ya wanaopaswa kwenda.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health. Upande wa Peek, watoto 531 walipewa rufaa, na 285 kati yao, sawa na asilimia 54, walifika hospitali. Upande wa karatasi, kati ya 366 waliopewa rufaa walifika 82 tu, asilimia 22. Simu haikuwa kamili: ilituma hospitali baadhi ya watoto ambao walionekana hawana shida, na hilo ni gharama kwa mzazi aliyelipa nauli na kuacha kazi siku hiyo. Hata hivyo takwimu hizo zinafundisha jambo ambalo vitabu vya nuru tangu Basra havikulifikia. Mzazi wa Trans Nzoia hakuwa amekataa kumtibu mwanawe. Alikuwa hajaona anachokiona mwanawe. Alipoonyeshwa ule ubao wenye ukungu, wengi zaidi waliondoka nyumbani.

Asilimia 46 ya watoto wa upande wa Peek hawakufika hata hivyo. Nauli, kazi za shamba, na imani iliyoenea kwamba miwani huharibu macho ya mtoto vyote vina nguvu. Ndiyo maana Rono na wenzake walitoka shuleni wakaingia vijijini, wakatumia wahudumu wa afya ya jamii wenye simu na kliniki zilizosogezwa karibu na watu. Matokeo ya utafiti huo wa Trans Nzoia, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba mahali mfumo huo ulipotumika, watu waliofika kliniki walikuwa karibu mara tatu ya wale wa maeneo mengine. Mwaka huohuo mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yaliweka lengo la kuongeza kwa nukta 40 za asilimia, ifikapo mwaka 2030, kiwango cha wanaohitaji miwani na kuipata miwani inayowafaa.

Kuvuka kutoka Trans Nzoia kuingia Bungoma ni suala la mpaka wa kaunti tu. Macho hayajui mpaka. Jicho la mtoto huendelea kurefuka hadi ujana, kwa hiyo aliyeona vizuri darasa la pili anaweza kuwa haoni ubaoni darasa la sita, na miwani ya mwaka juzi inaweza isimtoshe leo. Kupima mara moja hakutoshi. Shule isiyofikiwa na mradi wowote inaweza kuanza na karatasi nyeupe, kalamu nyeusi, rula na kamba ya mita 6. Mwalimu achore E yenye urefu na upana wa milimita 17.5, kila mguu na kila nafasi ikiwa milimita 3.5. Hiyo ndiyo herufi ya 6/12. Aiweke mahali penye mwanga wa kutosha, usawa wa macho ya mtoto, amfunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aigeuze karatasi mara tano, kisha arudie kwa jicho la pili, kwa sababu jicho moja zima huweza kuficha ubovu wa lingine kwa miaka mingi. Mtoto anayekosea mara kwa mara kwa jicho lolote anapaswa kupimwa na daktari wa macho, na mzazi wake anapaswa kuitwa aje asimame palepale kwenye kamba, aitazame karatasi, aelezwe kwamba mwanawe haoni kilichochorwa pale.